Kwa nini mpelelezi wa Kiswahili hakutani na jini wa kweli? Dresden, Zoo City na Bwana Msa

#1 Kibatari
Wakuu, habari za usiku.

Nimerudia kusoma Storm Front, kitabu cha kwanza cha Jim Butcher cha mwaka 2000, chenye yule mchawi Harry Dresden anayefanya upelelezi wa kukodiwa mjini Chicago. Kwa asiyemjua: jamaa ana ofisi, kodi inamkaba, gari lake ni Volkswagen chakavu, na kwenye kitabu cha simu ndiye pekee aliyejiandikisha kama mchawi. Polisi wakikuta maiti isiyoelezeka wanamwita. Mwendo wote ni ule wa wapelelezi wa Kimarekani wa zamani, kina Philip Marlowe wa Raymond Chandler: usiku, mvua, mteja mwanamke anayeficha jambo, mpelelezi anachezea kipigo kila baada ya kurasa chache, na mji umeoza kuanzia juu. Ila huku uchawi ni wa kweli na ndio silaha ya mauaji.

Sasa njooni kwetu. Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla: maiti inakutwa mzimuni, kila mtu anasema ni kazi ya mizimu, Bwana Msa anavuta kiko chake taratibu, na mwisho muuaji ni binadamu mwenye sababu zake. Willy Gamba wa Elvis Musiba anapambana na majasusi. Joram Kiango wa Ben Mtobwa ana kitabu kinaitwa Salamu Kutoka Kuzimu, jina linakutoa jasho, lakini ukifungua ndani adui ni mtu.

Hoja yangu ni hii. Sisi ambao mtaani tunazungumza habari za majini na chuma ulete bila kushusha sauti, tumeandika wapelelezi wasioamini. Wamarekani, ambao wengi wao wanacheka mambo hayo, ndio walioandika mpelelezi mchawi na kumpenda kwa miaka zaidi ya 20. Nini kimetokea hapa? Karibuni.

#2 Nyambizi
Nimeweka kambi. Wajuzi waje.

#3 Mzalendo wa Mtoni
Jibu ni rahisi, mkuu. Vile vitabu vilitoka kwenye mashindano ya uandishi ya wakoloni. Bwana Msa alishinda mwaka 1957 na kitabu kikachapwa mwaka huohuo. Unadhani Mzungu wa ofisi ya vitabu angempa zawadi mtu aliyeandika kwamba mzimu umeua kweli? Walitaka Mwafrika anayefikiri kama Sherlock Holmes. Kiko chenyewe kinakwambia kimetoka wapi.

#4 ShamsiUnguja
Mzalendo, rekebisha kidogo. Mashindano yalikuwa ya 1957 hadi 1958, ya ile ofisi ya vitabu ya Afrika Mashariki, na kitabu kilitoka 1960. Vitabu vingine vya Bwana Msa vilifuata baada ya uhuru na mapinduzi: Kisima cha Giningi 1968, Duniani Kuna Watu 1973, Siri ya Sifuri 1974. Mkoloni alishaondoka, Bwana Msa akabaki vilevile. Kwa hiyo mkoloni peke yake hatoshi kuwa jibu.

Mimi nasomesha, na nitasema ninachokiona darasani. Nikisoma nao ule ukurasa wa maiti mzimuni, watoto wanakaa kimya kabisa. Tukifika kwenye ufumbuzi, nusu ya darasa wanafurahi na nusu wananuna. Kuna mwanafunzi mmoja alisimama akaniuliza, "Mwalimu, sasa mizimu yenyewe ilikuwa wapi siku hiyo?" Alikuwa hatanii. Kwake yeye muuaji kapatikana, sawa, lakini mahali pale bado pana wenyewe, na mwandishi hakuwaambia kitu wasomaji kuhusu hao wenyewe.

Hilo swali sijalipatia jibu.

#5 Kibatari
Mwalimu, asante kwa tarehe. Na huyo mwanafunzi ndiye msomaji ninayemtafuta! Dresden angeanzia palepale: angekwenda mzimuni usiku na kuwauliza wenyewe wameona nini.

#6 Lori la Ohio
Salaam kutoka barabarani. Mimi naendesha lori huku Marekani na mfululizo wote wa Dresden nimeusikiliza, sikuusoma. Msomaji wake ni James Marsters, na ninawaambieni yule mtu ndiye nusu ya Dresden. Anahema, anachoka, anameza mate kabla ya kusema uongo. Kilipotoka Ghost Story mwaka 2011 walimweka msomaji mwingine, John Glover. Anasoma vizuri, lakini mashabiki walilalamika mpaka baadaye kikarekodiwa upya na Marsters. Hapo ndipo utajua wasomaji wa vitabu hivi wanashika nini. Hadithi za mpelelezi anayejisimulia zinaishi kwenye sauti. Ukibadilisha sauti umewaletea mtu mwingine.

Na ndiyo maana naona Kibatari anakosea pa kutazama. Bwana Msa hajisimulii. Anasimuliwa, yuko mbali, hachoki wala hadaiwi kodi. Dresden tunamjua tumbo lake likiwa tupu. Kabla ya kuuliza majini wako wapi, uliza njaa ya mpelelezi iko wapi.

#7 Mto wa Tana
Lori la Ohio umenena. Huku Nairobi tuna kikundi cha kusoma, na vita vyetu vya kwanza vilikuwa ni waanzie wapi wageni. Mimi nawaambia waanze na cha kwanza. Wenzangu wanasema ruka mpaka cha tatu, Grave Peril, kwa kuwa viwili vya mwanzo mwandishi alikuwa bado anajifunza. Mmoja wetu aliacha kabisa katikati ya Fool Moon na hakurudi.

Sababu yake si maandishi, ni wanawake. Kila mwanamke akiingia mlangoni, Dresden anaanza kutupimia nyonga na miguu kabla hajatwambia jina lake. Watetezi wanasema huo ndio mtindo wa hadithi za wapelelezi wa zamani, na kwamba Dresden mwenyewe anaadhibiwa kwa ujinga huo. Yule dada alijibu: hata kama anaadhibiwa, mimi ndiye ninayelazimishwa kutazama kwa macho yake kurasa mia tatu. Sijui niseme nini juu ya hilo, naona ana haki.

#8 Chongo la Pweza
Dada huyo angevumilia angefurahi na Murphy, yule askari wa kike. Bora kuliko Dresden mwenyewe. Ndiyo maana Battle Ground iliniuma vile, kufa kwa risasi ya askari mwenzake mzembe, si kwa joka wala jitu.

#9 Nyambizi
Wewe Chongo!!! Mimi niko kitabu cha saba!!!

#10 Mto wa Tana
Aki huyu mtu ametuharibia. Weka tahadhari juu ya ujumbe, jamani.

#11 Chongo la Pweza
Kitabu ni cha 2020, wazee. Hata hivyo nimeshaomba wasimamizi waufunike ujumbe ule.

Ila nataka kusema kwa nini nimeutaja. Watu waliokasirika na kifo kile walikuwa na hoja mbili ambazo hazipatani. Wa kwanza walisema ni kifo cha ovyo, Murphy alistahili kufa vitani. Wa pili, na mimi nimo, tunasema kifo cha ovyo ndicho kinachofanya kitabu kibaki hadithi ya mji wa giza. Pamoja na miungu na majitu yote yale, kinachokuua ni bastola mkononi mwa mtu mwenye hofu. Vita vile mpaka leo havijaisha huko kwa mashabiki, na sidhani vitaisha.

#12 Mtunzi wa Usiku
Nimesoma kimya, sasa niseme. Mimi naandika simulizi mtandaoni. Mnajua utaratibu: sehemu za mwanzo bure, ukifika mahali pa moto unaandika "itaendelea", na anayetaka kumalizia anatuma hela kwa simu anaingizwa kwenye kundi.

Niliwahi kuandika ya mpelelezi wa kike, Magomeni. Nyumba ya kupanga, wapangaji wanaamka wamechanjwa, kila mtu anasema jini limefugwa na mwenye nyumba. Nilimpenda Bwana Msa tangu shule, kwa hiyo nikamalizia kama yeye: ni shemeji wa mwenye nyumba alitaka wahame ili auze kiwanja. Ushahidi niliupanga vizuri tangu mwanzo, wembe, funguo ya akiba, harufu ya kiberiti.

Wasomaji walinigeuka. Mmoja akaandika: "Dada, tumelipia jini." Wengine wakadai hela irudi. Mama mmoja alinipigia kabisa, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, shemeji tunao nyumbani, hatuhitaji kulipia kusoma shemeji."

Kwa hiyo anayesema wasomaji wetu wanaogopa majini ya kweli kwenye hadithi, aje aone simu yangu.

#13 Nyambizi
"Tumelipia jini" hahahaha. Hii iandikwe kwenye fulana.

#14 Muscat Kaskazi
Assalaam alaykum. Mtunzi, mimi nakupa upande wa pili. Huku Muscat tuko wengi tuliotoka Unguja na Pemba, na watoto wetu wanasoma hivi vitabu vya Kiingereza. Binti yangu alikuwa na Dresden. Nikamwuliza habari yake, akanieleza kuna roho inakaa ndani ya fuvu, inaitwa Bob, inamsaidia yule mchawi kutengeneza dawa. Nikamwambia hicho kitabu kikae nje ya chumba cha kusalia. Sikukichana wala sikumkataza kusoma.

Majini tunayaamini, yametajwa katika Qur'ani. Mgogoro wangu uko kwenye kuyafanya wafanyakazi wa ofisini. Jini akiwa adui anayesomewa akatoka, msomaji Mwislamu atasoma mpaka alfajiri. Jini akiwa rafiki wa shujaa, anayetumwa akatumika, hapo tayari kuna shirki, na mtu anafunga kitabu. Muhammed Said Abdulla alikuwa mtu wa Unguja, aliwajua wasomaji wake. Mimi naona hakukwepa majini kwa sababu ya Mzungu. Aliwakwepa kwa adabu.

#15 Mzalendo wa Mtoni
Sheikh, nakuheshimu, lakini Alfu Lela Ulela imejaa majini wanaotumwa na imesomwa pwani vizazi na vizazi. Kwa nini Aladini aruhusiwe na mpelelezi wa Magomeni akataliwe?

#16 Muscat Kaskazi
Kwa sababu Aladini yuko mbali. Magomeni pana namba ya nyumba.

#17 ShamsiUnguja
Jibu la sheikh hapo #16 limenigusa, maana linaingia moja kwa moja kwenye hizi hadithi. Nguvu yao yote iko kwenye namba ya nyumba. Ben Aaronovitch kwenye Rivers of London, 2011, anaanza na konstebo mchanga, Peter Grant, analinda eneo la mauaji usiku pale Covent Garden, anatokewa na shahidi aliyeona kila kitu. Shahidi ni mzimu. Peter anatoa kijitabu na kuandika maelezo yake. Anafanya hivyo kwa sababu ndivyo alivyofundishwa kazini.

Na tazameni nani wamo humo. Mama yake Peter katoka Sierra Leone, anafanya kazi ya usafi. Mungu wa mto Thames ni mama wa Kinijeria, alikuja London kusomea uuguzi, akajitupa mtoni, mto ukampokea akawa ndiye mwenye mto. Anakaa na mabinti zake, kila mmoja na kijito chake. Mimi mtu wa visiwani niliposoma hapo sikuona kitu kigeni hata kimoja. Nilijua hata namna ya kuingia kwenye nyumba ile, unabisha hodi na huendi mikono mitupu.

#18 Karani Mstaafu
Wanangu, shikamooni wakubwa kama wamo. Nilifanya kazi ya ukarani kituo cha polisi miaka mingi, naomba nichangie hilo la maelezo ya shahidi.

Maelezo yana jina, umri, kazi, makazi, na mwisho sahihi au dole gumba. Mzimu huyo wa London konstebo alimwandikia, lakini hawezi kuupeleka mahakamani, na mwandishi analijua hilo. Ndiyo maana wamewekewa kitengo chao cha siri. Kwetu mambo ni tofauti. Watu walikuja kaunta kuripoti uchawi kama wanavyoripoti kuibiwa kuku. Tuna Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, Sura ya 18, mpaka leo iko vitabuni. Haimwulizi mtu kama uchawi upo. Inamkamata anayejidai kuwa nao, anayemiliki vifaa vyake na anayemtaja mwenzake kuwa mchawi.

Kwa hiyo Dresden akifungua ofisi Kariakoo na kubandika "Mchawi" mlangoni, siku ileile anapata kesi. Hahitaji hata mteja. Kwangu mimi hiyo peke yake ni hadithi, na sijaona kijana aliyeiandika.

#19 Mto wa Tana
Mzee shikamoo. Kenya pia tunayo, ya 1925, Sura ya 67. Nimekaa hapa nikitafakari: mpelelezi ambaye kazi yake yenyewe ni kosa la jinai, na polisi haohao ndio wanaomwita usiku wakishindwa. Hiyo ni Chandler kabisa.

#20 Kibatari
Mzee Karani, umenifungua macho. Na tukitafuta ofisi ya Dresden wetu hatuhitaji kwenda mbali, iko kwenye nguzo za umeme. Tangazo limebandikwa na gundi ya ngano, maandishi mekundu, namba ya simu, na orodha ya kazi: kurudisha mali iliyoibwa, kumrudisha mume, kudai madeni, kusafisha nyota. Kupata vilivyopotea ndiyo kazi ya Dresden. Kasoro yake ni kwamba yeye dawa za mapenzi hauzi.

Mganga anasikiliza mteja anayeficha jambo. Anajua siri za mtaa mzima. Anadharauliwa mchana na kutafutwa usiku, hata na wakubwa. Amekaa mahali palepale alipokaa Marlowe.

#21 Chongo la Pweza
Lakini Marlowe hadanganyi wateja, mkuu. Huo ndio uti wa mgongo wake: mji umeoza, yeye hanunuliki. Wa kwenye nguzo wengi ni matapeli. Ukiandika mganga mwaminifu, msomaji wa Dar hatakuamini, ataamini jini kabla hajaamini hilo.

#22 Goma Yetu
Jambo kwenu nyote. Ninashangaa kitabu cha Afrika kimetajwa kwenye kichwa cha uzi na hakuna aliyekigusa. Zoo City, cha Lauren Beukes wa Afrika Kusini, 2010. Kilipata tuzo ya Hugo kama sikosei.

Mimi niliishi Johannesburg kama mkimbizi kabla ya kurudi nyumbani. Kitabu kinakaa Hillbrow. Mtu aliyebeba hatia ya kosa kubwa anapewa mnyama ambaye hatengani naye, watu wote wanamwona. Zinzi December, mwandishi wa habari wa zamani aliyetumbukia kwenye dawa za kulevya, amebebeshwa slothi mgongoni, mnyama wa Amerika Kusini, mzito na mpole. Kipawa chake ni kuona nyuzi zinazomfunga mtu na kitu alichopoteza, na ndiyo kazi inayomlisha. Na kwa kuwa ana deni, anawaandikia matapeli wa mtandaoni barua za uongo.

Mpenzi wake ni Benoît, Mkongomani. Ana nguchiro. Benoît anafanya kazi ya ulinzi, mke na watoto alidhani amewapoteza vitani, kisha zinakuja habari kwamba wako hai. Mimi nilifunga kitabu pale. Nilitoka nje nikatembea. Wasomaji wa Ulaya niliowasoma wanasifu wanyama, wanasema ni ubunifu mkubwa. Mimi mnyama sikumwona sana. Niliona jengo lile, lifti iliyokufa, watu wanaoshiriki chumba kwa pazia, mlinzi wa mlangoni anayekutazama wewe mgeni kama vile kosa lako limekaa mgongoni.

#23 ShamsiUnguja
Tuzo ilikuwa ya Arthur C. Clarke, mwaka 2011. Pole na hongera ndugu wa Goma, umeandika vizuri kuliko wahakiki.

#24 Mzalendo wa Mtoni
Nina swali gumu hapo. Beukes ni mwandishi Mzungu anayeandika kwa nafsi ya kwanza ya mwanamke Mweusi wa Hillbrow. Wasomaji wa huko Afrika Kusini walilizungumza. Wewe uliyeishi pale uliisikia sauti ya Zinzi kuwa ya kweli?

#25 Goma Yetu
Sehemu fulani ndiyo, sehemu fulani hapana. Mzaha wake wakati mwingine ni wa mtu aliyesoma sana majarida ya Cape Town. Lakini hofu yake ni ya kweli, na ile aibu pia. Sitakataa kitu kilichonitoa nje usiku kwa sababu ya aliyekiandika, wala sitamwambia mwingine akipende.

#26 Lori la Ohio
Na Butcher naye haikuwa Chicago yake. Ni mtu wa Independence, Missouri. Alikuwa ameanza kuiweka hadithi Kansas City, mwalimu wake wa uandishi akamwambia Laurell K. Hamilton tayari ana wanyonya damu St. Louis, jimbo hilohilo, atafute mji mwingine. Ndipo akachukua Chicago. Wenyeji wa Chicago wanamshika kwenye mitaa na maegesho mpaka leo. Mimi napita pale na mzigo, na hata hivyo nikipita karibu na makumbusho ya Field nawaza yule dinosau wake, Sue, aliyefufuliwa akakimbia mjini kwenye Dead Beat. Mji si wake lakini ameniwekea kitu ndani yake.

#27 Nyambizi
Jamani swali la kitoto. Dresden akikaribia kompyuta inaungua, taa zinapasuka, simu inakufa, kwa sababu ya uchawi wake. Huku kwetu wakati wa mgao nani angegundua? Angeishi Dar miaka kumi bila mtu kumshuku.

#28 Mto wa Tana
Mchawi wa kwanza kufichwa na shirika la umeme 😂

#29 Mtunzi wa Usiku
Mnacheka, mimi nimeiandika hiyo kwenye daftari tayari.

#30 Kibatari
Nyambizi umesema utani lakini umenisogeza kwenye jambo ambalo limenikera tangu asubuhi. Nilipokuwa nasoma majibu yenu nimeona kwamba hadithi za kina Dresden zinasimama juu ya siri. Watu wa Chicago hawajui. Yeye anajua, akisema anaonekana kichaa, na huo ndio upweke wake. Mpelelezi wa hadithi za giza lazima awe peke yake na anachokijua.

Sasa mpeleke mtu huyo Tandale. Aseme "jirani yako ana jini." Watu watamwambia, "Tunalijua, linaitwa fulani, lilikuja na bibi yake." Upweke umekwisha. Hana siri.

Nani basi ambaye angekuwa peke yake Tandale? Ni yule anayesema: hapana, hakuna jini hapa, kuna wembe na funguo ya akiba. Huyo ndiye ambaye mtaa mzima utamwona kichaa. Bwana Msa ndiye mtu mpweke wetu. Muhammed Said Abdulla hakuwa anaiga Sherlock Holmes na kuiacha Afrika nje, alikuwa amemweka mpelelezi mahali pekee ambapo mtu wa pwani anaweza kusimama peke yake. Na Mtunzi hapo #12 alilipa gharama ileile: alisema hakuna jini, mtaa ukadai hela zake.

#31 ShamsiUnguja
Kibatari, hiyo nimeisoma mara mbili. Nzuri. Lakini Bwana Msa hana upweke. Ana Najum pembeni, ana heshima, watu wanamtumia salamu. Akimaliza kufumbua watu wanamshukuru. Mtu mpweke wa Chandler hashukuriwi.

#32 Mzalendo wa Mtoni
Nami siikubali. Unasahau 1995, Popobawa, lile jini lililosemwa linavamia watu usiku. Mpaka Dar watu walilala nje kwa makundi. Kila mtu aliamini, sawa, lakini kila mtu aliogopa peke yake pia. Jambo likijulikana na wote halipunguzi giza. Unaweza kuandika mpelelezi wa wakati ule, Unguja, mwaka wa uchaguzi, watu wamelala barazani, yeye anatembea usiku akijua kwamba anayetembea usiku ndiye anayeshukiwa. Hapo jini awe wa kweli au asiwe wa kweli, hadithi ipo.

#33 Karani Mstaafu
Mwaka ule hata askari wa zamu walitembea wawili wawili, na hakuna aliyewaagiza.

#34 Muscat Kaskazi
Ndugu zangu wa Pemba hawapendi kutaja jina hilo usiku. Hapa sasa ni saa nne. Nitarudi kesho inshallah.

#35 Chongo la Pweza
Halafu mnasema "hatuna" kwa haraka. Said Ahmed Mohamed ana Babu Alipofufuka, 2001: mzimu wa babu unarudi na kumzungusha mjukuu wake, kigogo, ili aone nchi ilivyoliwa. Kezilahabi ana Nagona na Mzingile. Mambo ya ajabu kwenye riwaya zetu yapo, mazito, ya waandishi wakubwa. Kinachokosekana ni mpelelezi ndani yake. Ni kama mfereji ulichimbwa kati ya fasihi ya vyuoni na vitabu vya mfukoni: ng'ambo moja mizimu, ng'ambo nyingine bastola.

#36 Mto wa Tana
Hiyo ya mfereji naiunga mkono kuliko dini, mkoloni na upweke vyote. Wachapishaji wanategemea shule. Kitabu cha mpelelezi kinaonekana cha kupotezea muda, kitabu cha mizimu kinakubalika kikiwa na "maana". Ukivichanganya hakuna rafu ya kukiweka.

#37 Mtunzi wa Usiku
Mimi sina rafu, nina simu. Kwa hiyo mfereji haunihusu, na bado wasomaji wangu wana sheria yao: jini awepo, atishe, na mwisho aombewe au asomewe atoke. Nikijaribu kumwacha abaki, wananiandikia kuuliza kama mimi mwenyewe niko salama. Kuna aliyenitumia mistari ya Biblia kila sehemu mpya ilipotoka, mpaka nikaizoea nikawa naisubiri. Msomaji wa Dresden anakubali mji usitakasike. Wangu hakubali, na simlaumu, maana akizima simu analala kwenye chumba hichohicho.

Wazee, nimeamua naianza. Mganga aliyesajiliwa kama mtu wa tiba asili, Kariakoo, mwaminifu (Chongo, nitakulazimisha umwamini), anaitwa usiku na afande wa kike. Mzee Karani, naomba msaada wako: afande akitaka mganga huyo aingie eneo la mauaji bila kuonekana kwenye kumbukumbu, jina lake linaandikwaje kituoni?

#38 Karani Mstaafu
Haliandikwi. Anaingia kama ndugu wa marehemu aliyekuja kutambua mwili. Lakini hapo umempa marehemu ndugu, na ndugu wa kweli wakija kesho yake utakuwa na shida ya pili.

#39 Mtunzi wa Usiku
Hiyo shida ya pili naichukua. Shikamoo mzee.

#40 Nyambizi
Sehemu ya kwanza lini? Na safari hii, dada, kama ni shemeji tuambie mapema.

#41 Goma Yetu
Nani ana Kisima cha Giningi nakala inayosomeka? Niko tayari kulipia kutuma mpaka Goma.

#42 ShamsiUnguja
Ninayo moja, jalada limeng'oka. Niandikie faragha.